Nilivyomponya Baba Mkwe

Nina kipaji kimoja tu, na hata hicho nimekikuza zaidi kwa maneno kuliko kwa kazi. Ninarekebisha rangi za picha za zamani. Mtu ananiletea negativu zake, zile filamu za rangi ya chungwa ambazo ukizielekeza kwenye mwanga unaona watu wenye meno meusi na nywele nyeupe. Naziingiza kwenye skana, kompyuta inazigeuza, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Filamu iliyokaa kabatini miaka mingi haitoki na rangi zake. Moja imechujuka, nyingine imejipaka wekundu, nyingine imekuwa kijani mpaka maharusi wanafanana na watu walioopolewa kisimani. Kazi yangu ni kumrudishia kila mtu sura yake.

Siri ya kazi hii ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo mimi nimeifanya kubwa. Unatafuta ndani ya picha kitu kimoja ambacho una hakika kilikuwa cheupe. Shati, karatasi, ukuta wa chokaa, chochote kile. Unakibofya, unaiambia programu kwamba hiki ni cheupe. Programu haina ubishi. Inakivuta mpaka kinakuwa cheupe kweli, na rangi nyingine zote zinavutwa pamoja nacho. Ukichagua sawasawa, picha inafufuka. Ukichagua vibaya umeidanganya kompyuta, nayo itakudanganya vilevile, tena kwa adabu zote.

Mlangoni nimeandika DAKTARI WA PICHA kwa herufi nyekundu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami najitembeza kutwa nzima. Chumba chenyewe kiko chini ya ghorofa, kati ya fundi cherehani na mtengeneza simu, na dirisha lake nimeliziba kwa kadibodi ili jua lisinivurugie rangi. Mteja akiingia humwambia, "Nionyeshe cheupe kimoja tu, nami nitakuonyesha dunia." Mke wangu alinisikia siku moja nikimwambia hivyo bibi mmoja wa watu, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na hababaishwi na misemo. Isitoshe, yeye ndiye anayenichagulia soksi, maana nikijichagulia mwenyewe hutoka na moja nyeusi na moja ya kahawia.

Basi mama mkwe akaja kazini kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Nilimkaribisha kwa unyenyekevu wote wa mkwe, nikamfutia meza ambayo haikuwa na vumbi, kisha nikaongeza vumbi kwa kitambaa kichafu.

Hapa sina budi kueleza jambo la familia. Baba mkwe wangu alikufa mke wangu akiwa bado mtoto wa kubebwa. Ugonjwa ulikuwa wa ini, na madaktari walisema ameletwa akiwa amechelewa. Marehemu alikuwa na dada yake mkubwa, ambaye sisi sote tunamwita Shangazi. Mara ya mwisho Shangazi kukutana na ndugu yake ilikuwa kwenye sherehe aliyoifanya Shangazi mwenyewe ya kuhamia nyumba yake mpya. Miezi miwili baadaye alimzika. Akasimama palepale makaburini, mbele za watu, akasema, "Ndugu yangu aliondoka kwangu mzima. Alikuwa na mke ndani ya nyumba. Mke huyo hana macho?"

Tangu siku hiyo hajaacha kuuliza. Kwenye kila harusi na kila msiba humtafuta mtu ambaye hajalisikia swali hilo, akamnong'oneza. Mimi nilinong'onezwa kwenye harusi yangu mwenyewe, kipande cha keki kikiwa mdomoni, nikaendelea kutafuna. Mama mkwe kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujibu neno. Yeye humpikia wifi yake, humsalimu, humsindikiza mpaka barabarani. Lakini mke wangu ameniambia kwamba Shangazi akishaondoka, mama yake huingia chumbani na hatoki mpaka kesho yake.

"Wifi yangu anakuja Jumamosi kumwona mtoto wenu," Mama akaniambia, akafungua mkoba na kutoa bahasha ya kaki yenye negativu. "Hizi ni za sherehe ile. Zilikuwa nyuma ya droo. Albamu aliichukua yeye baada ya msiba, na paa lake likavuja, picha zote zikageuka uji. Zimebaki hizi."

Nilizielekeza kwenye taa. Zilikuwa na vumbi na alama za vidole, lakini nzima.

"Nataka hii moja," akasema, akionyesha kwa kidole bila kuigusa. "Hii ambayo anatazama mbele. Ikuze, uitie fremu. Nataka wifi aione."

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Umefika kwa mwenyewe."

"Uso wake utoke vizuri. Hasa macho. Macho yaonekane."

"Mama, hayo macho yatang'aa!"

Alinitazama kidogo. "Yaonekane tu, mwanangu. Yatoke kama yalivyokuwa."

Nadhani alitaka kuongeza neno. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kumweleza jinsi skana inavyofanya kazi, na nikishaanza hilo huwa sisimami njiani. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akaaga, akaenda zake. Mimi nikabaki najiona nimeelewa kila kitu. Kwa akili zangu, Mama alitaka kumziba mdomo Shangazi kwa picha nzuri, picha ya mwanamume aliyetunzwa, mwenye afya na mke anayemjali. Nikaapa kwamba nitamtoa baba mkwe akiwa amenawiri kuliko siku aliyozaliwa.

Picha ilipofunguka kwenye skrini niliona meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, sahani zimepangwa, jagi la maji katikati. Baba mkwe amesimama nyuma ya meza, shati la mikono mifupi, anacheka huku akitazama kamera moja kwa moja. Pembeni yake Shangazi, kijana, mwembamba kuliko nilivyodhani Shangazi angeweza kuwa. Amemgeukia ndugu yake mzima mzima, kiganja kimemshika shavu, naye anacheka, meno yote nje. Wengine wako nyuma, wamefifia. Na picha yote imeingiwa na unjano, kama nguo iliyolowekwa pamoja na kitambaa kinachochuja.

Nikaanza kutafuta cheupe. Sahani? Nani anajua, sahani za watu zina rangi za kila namna. Kitambaa cha meza? Huenda kilikuwa cha rangi ya maziwa mgando. Shati? Shati jeupe likishafuliwa mara kadhaa huwa na weupe wa kwake peke yake. Nikaikuza picha mpaka uso wa baba mkwe ukajaa skrini, nikakutana na macho yake. Nikajipiga paja kwa furaha. Jicho! Jicho halinunuliwi dukani, halifuliwi, halipauki. Weupe wa jicho aliuchanganya Mungu mwenyewe, na kama huwezi kumwamini Mungu kwenye mambo ya rangi, utamwamini nani?

Nikaibofya sehemu nyeupe ya jicho la kulia, ambayo haikuwa nyeupe, nikaiambia kompyuta kwamba hiki ni cheupe.

Macho yakawa meupe pe. Palepale shati likawa la bluu. Kitambaa cha meza kikawa cha bluu. Sahani zikawa za bluu, zote. Mtu mwenye akili zake angeuondoa mkono kwenye kipanya, akajiuliza nyumba gani hii ambayo kila kitu ni bluu. Mimi nikasema moyoni, kumbe baba mkwe alikuwa mtu wa mitindo! Nyani haoni kundule, na mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya la kwangu.

Mke wangu alipita kuniletea chakula cha mchana, mtoto mgongoni. Akainama kwenye skrini.

"Shangazi alikuwa na sahani za bluu?"

"Enzi zile bluu ilikuwa fasheni."

"Na meno ya bluu? Nayo yalikuwa fasheni?"

Nikamweleza kuhusu vivuli na mwanga wa dirisha, maneno mengi, mpaka mtoto akalala. Akiwa bado yupo nikayasugua meno ya Shangazi kwa brashi ya kompyuta, moja baada ya jingine, mpaka yakakaa sawa. Nyuso nazo zilikuwa zimepoa rangi kama za watu waliolala kwenye friji. Nikaifungua picha ya mke wangu kutoka kwenye simu, nikaazima rangi ya ngozi yake, nikampaka baba yake.

Mke wangu aliacha kunitania. Alikuwa na picha moja tu ya baba yake, ile ya kitambulisho, nyeusi na nyeupe, yenye muhuri shingoni. Aligusa skrini kwa ncha ya kidole, kitu ambacho huwa namkataza kila mtu, na siku hiyo sikumkataza.

"Ndivyo alivyokuwa?" akauliza.

"Ndivyo hivi hivi," nikajibu, kwa uhakika wote wa mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Ijumaa Mama alipiga simu. Alitaka kuiona picha kabla ya mgeni kufika. Nikamwambia asubiri, raha ya picha ni kuifunua mbele za watu. Akasema, "Afadhali ningeiona kwanza." Nikacheka, nikamwambia aniamini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini hawakusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Jumamosi tulikusanyika sebuleni kwa Mama. Shangazi alikuwa kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha, fimbo yake imeegemezwa ukutani, mtoto wetu mapajani. Magoti yamemzeesha lakini sauti bado ni ileile. Mimi nilikuja na fremu niliyoifunga kwa karatasi ya zawadi, na kompyuta yangu ya kubebeka begani, kwa sababu nilikusudia baada ya makofi kuwaonyesha picha ilivyokuwa kabla sijaishika. Sikutosheka na kusifiwa kwa matokeo, nilitaka nisifiwe na kwa jasho.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikatoa hotuba. Sitaki kuikumbuka yote, ila najua nilisema, "Leo baba amerudi nyumbani." Kisha nikachana karatasi.

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Alimrudisha mtoto kwa mke wangu, akainuka bila fimbo, akaisogelea fremu niliyokuwa nimeishika kifuani.

"Ndugu yangu," akasema. "Ndugu yangu huyu."

Machozi yakamtoka, nami nikajiona nimeshinda. Nilimtazama Mama ili nipokee na shukrani zake. Mama alikuwa ameganda mlangoni pa jikoni, anaitazama picha kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

Shangazi akajifuta uso, akageuka. "Haya, mnaona wenyewe? Mnayaona macho haya? Meupe kama maziwa! Huyu ni mgonjwa huyu? Nimesema miaka yote, aliondoka kwangu mzima. Baada ya hapo alikuwa na nani? Nani alikuwa anaamka naye kila asubuhi? Sasa picha imesema, si mimi tena."

Mke wangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na sikuupenda mtazamo ule.

"Hakuwahi kuwa na shati la bluu," Mama akasema polepole. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkwe wangu, hebu njoo unishikie sufuria."

Jikoni hapakuwa na sufuria yoyote ya kushikwa. Alifunga mlango, akauegemea.

"Macho yake umeyafanyaje?"

"Nimeyasafisha, Mama. Yalikuwa na unjano. Filamu za zamani huwa zina..."

"Ya filamu siyajui. Unjano wa macho ulikuwa wake yeye."

Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara hii hapakuwa na maelezo ndani yake. Sahani za bluu zilinipita kichwani, zote, na kitambaa, na shati, na meno ya Shangazi niliyoyasugua. Kila kitu ndani ya picha ile kilikuwa kinanipigia kelele kwamba nimekosea. Mimi nikakinyamazisha kimoja kimoja kwa brashi.

"Macho yalianza kuwa hivyo wiki chache kabla ya sherehe," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyeona, asubuhi, anaosha uso. Nikamwambia twende hospitali. Akasema, sherehe ya dada ipite kwanza. Nikilazwa ataiahirisha, na nyumba ile kaijenga kwa shida, acha afurahi. Nikamsihi, nikanuna, nikalia. Akaniapisha nisimwambie mtu. Sherehe ikapita, akasema wageni waondoke. Wageni wakaondoka, akawa hawezi tena kutembea."

"Mama, kwa nini hukumwambia Shangazi?"

"Nimwambie nini? Kwamba ndugu yako alikufa akingoja sherehe yako?" Alitikisa kichwa. "Atalibeba wapi hilo? Alimlea yule, alimbeba mgongoni. Mimi sitaki kumwua mtu, mwanangu. Nilitaka aone kitu kimoja tu. Kwamba alikuwepo. Alimshika shavu, akamtazama machoni karibu hivi. Hayo macho anayoniuliza kama ninayo, na yeye anayo. Akishaona hivyo labda ataniacha nipumzike."

Nje, sauti ya Shangazi ilikuwa inaendelea, sasa ikimweleza mke wangu kuhusu mama yake.

"Nilidhani nikisema macho yaonekane, nimesema," Mama akaendelea. "Kumbe mkwe wangu ni daktari. Umemponya." Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Sasa nirudishie mgonjwa wangu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani kutokea mlango wa nyuma, niende moja kwa moja nikafute maandishi ya mlangoni kwangu. Lakini mlango wa nyuma wa Mama una komeo gumu na mimi sina nguvu za mikono, kwa hiyo nikarudi sebuleni. Na haya ninayoyaeleza, ukikutana na Shangazi, hukuyasikia kwangu.

"Shangazi," nikasema, "picha hii nimeiharibu."

"Mbona nzuri?"

"Huo ndio ubaya wake."

Nikaweka kompyuta juu ya meza ya kahawa, nikaifungua picha kama ilivyotoka kwenye skana, na unjano wake wote. Nikaeleza, safari hii kwa kifupi, kwamba nilichagua cheupe kisicho cheupe. Shangazi akakunja uso.

"Sasa nikuamini lipi? Dakika hii unaniambia ni mzima, dakika hii unanijia na kingine. Wamekufundisha huko jikoni?"

Alikuwa na haki. Ningemwonyesha chochote kwa mkono wangu angesema nimekipika. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyekosa jibu ubaoni, na mwalimu wa hesabu akinitazama. Ndipo wazo likanijia, na nakiri lilikuja lenyewe, mimi sikuliita.

"Shangazi, sahani zako za siku ile zilikuwa za rangi gani?"

"Nyeupe," akajibu mara moja. "Seti nzima. Nilizinunua kwa ajili ya sherehe ile. Bado ninazo, zimevunjika mbili tu, na aliyezivunja namjua."

"Hebu ziangalie kwenye fremu."

Alivaa miwani yake, akaisogelea fremu mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hizi ni za bluu."

"Uliwahi kuwa na sahani za bluu?"

"Mimi? Sahani ya bluu mezani kwangu? Nyumba yangu si wodi ya hospitali."

Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta, nikamwekea kipanya mkononi. "Basi chagua wewe, Shangazi. Peleka hiki kimshale mpaka juu ya sahani yako, halafu bonyeza. Mimi sigusi kitu." Nikaiweka mikono yangu mgongoni ili kila mtu aione kwamba haina kazi.

Kimshale kikatangatanga juu ya jagi, juu ya kitambaa, kikafika kwenye sahani iliyo karibu zaidi. Akabonyeza.

Unjano wa filamu ukaondoka. Sahani zikawa nyeupe, kitambaa kikawa cheupe, shati la baba mkwe likawa jeupe, limepigwa pasi, ukosi umesimama. Meno ya Shangazi yakawa meupe bila msaada wangu. Ngozi zao zikarudi, za ndugu wawili wanaofanana. Macho ya baba mkwe yalibaki ya manjano. Hayakuwa ya manjano ya kubahatisha, yalikuwa manjano kabisa, mtu angeyaona akiwa upande wa pili wa barabara.

Shangazi akapeleka kimshale kwenye sahani nyingine, akabonyeza. Macho yakabaki vilevile. Akabonyeza kwenye kitambaa. Akabonyeza kwenye ukosi wa shati. Kila alichokijua kuwa cheupe alikibonyeza, na kila mara ndugu yake alimtazama kwa macho yaleyale, huku anacheka.

Mwisho akaachia kipanya. Alikuwa anamtazama yule msichana mwembamba aliyemshika shavu ndugu yake.

"Nilimuuliza," akasema.

Mke wangu akasogea karibu yake, mtoto begani.

"Siku hii hii. Nilimshika hivi, nikamwambia, wewe, mbona macho hivyo, unakunywa nini siku hizi? Akacheka. Na mimi nikacheka. Mpiga picha akasema msitikisike." Alivua miwani, akaishika mapajani bila kuifuta. "Kwa hiyo nilimwona. Niliyaona kwa macho yangu haya. Halafu nikaenda kugawa soda."

Mimi nilikuwa nimeitaka picha iwe ya makofi, na sasa niliomba angalau gari lipite nje lipige honi. Mama alikuja kutoka jikoni, akakaa kwenye mkono wa kiti cha Shangazi, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikaa.

Shangazi akamgeukia. Ukali wote ulikuwa umemtoka, na bila ukali ule alionekana mdogo kwenye kiti.

"Wifi. Kwani alikuwa anangoja nini? Kwa nini hakwenda hospitali?"

Mama akaniinulia macho. Zaidi yake, ni mimi peke yangu mle ndani niliyejua, mimi ambaye siwezi kukaa na habari ya bei ya wino wa printa mpaka jioni. Nikauma ulimi, na ninaposema nikauma, namaanisha kwa meno.

"Alikuwa anaogopa sindano," Mama akasema.

Shangazi alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani ameangua kilio nikasikia kumbe ni kicheko, na kilio kimo ndani yake, huwezi kuvitenganisha.

"Tangu mdogo!" akasema. "Tangu mdogo, yule! Siku ya chanjo alipanda juu ya kabati, mama yetu akamshusha kwa ufagio! Nilimshika miguu mimi, nikapigwa teke la pua, alama yake hii hapa!"

"Ndiye huyo huyo," Mama akasema. "Hakubadilika."

"Oo, wifi yangu." Shangazi aliushika mkono wa Mama, akaukumbatia kifuani kwa mikono yake miwili. "Sasa si ungeniita? Ungeniita mimi tu. Ningekuja nikamshika miguu."

Mama alimpangusa wifi yake machozi kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Kweli, wifi," akasema. "Hapo nilikosea. Ningekuita."